Mapumziko ya Mlimani, Jasho la Bondeni

Februari 1857 Waingereza wawili waliokuwa na muda wa kuupitisha waliamua kwenda mlimani. Richard Burton na John Speke walikuwa Zanzibar wakingoja majira mazuri ya kuanza safari yao ndefu ya kutafuta maziwa makuu, na kungoja kulikuwa kumewachosha. Wakavuka hadi Pangani, wakafuata mto, wakapita kandokando ya nchi ya Wazigua, wakapanda Usambara hadi Vuga kwa mtawala wa ukoo wa Wakilindi, Kimweri ye Nyumbai. Ukiondoa bunduki na wapagazi, safari ile haitofautiani sana na ya mtu wa Dar es Salaam anayefunga begi Ijumaa jioni, kwa kuwa joto limezidi na mlima una baridi.

Walimkuta Kimweri mzee, amelala kitandani, nguvu zimemwishia. Habari za Ulaya hazikumshughulisha. Alikuwa amesikia kwamba wageni hawa ni waganga, akataka dawa ya kumrudishia nguvu za ujana. Wageni hawakuwa nayo. Nao walitaka kuingia mjini, wakakataliwa, maana Vuga ulikuwa mji wa mfalme na wake zake na si kila mgeni aliruhusiwa kulala humo. Wakapewa vibanda chakavu nje ya mji, mvua ikanyesha, na waliporudi Pangani wote wawili walikuwa na homa. Hivyo ndivyo yalivyokwenda mapumziko ya kwanza ya Wazungu katika milima hii yaliyoandikwa kitabuni. Mwenyeji alikosa dawa, mgeni akakosa kitanda.

Burton alikadiria kwamba Vuga ilikuwa na nyumba kama 500, zote za miti, udongo na nyasi. Alikuwa akitazama misonge, nyumba za duara ambazo paa lake huteremka karibu kugusa ardhi. Moshi wa jikoni hupenya kwenye nyasi na kuzikausha, wadudu wakakimbia. Nyumba hiyo ilijengwa na majirani, na ilipochakaa ilijengwa nyingine. Mawe yalikuwepo tele, milima yote ni mawe, lakini hakuna aliyeyapanga kuwa ukuta wa kulalia. Na kwa nini apange? Kijiji kilifuata shamba, na shamba lilihama. Ukuta wa mawe ulikuwa wa watu wa pwani, wenye matumbawe na chokaa, na wenye mali iliyokaa mahali pamoja.

Wazigua wa tambarare za Handeni walikuwa na hesabu nyingine. Ulinzi wao ulikuwa kichaka. Vijiji vilijificha ndani ya miti iliyoachwa isongamane, njia ya kuingilia ikiwa nyembamba na yenye lango la magogo. Waruvu, ndugu zao wa mtoni, walikaa kwenye visiwa katikati ya mto Pangani, kama pale Maurui, maji yakiwa ndiyo boma lao. Anayetaka kuelewa nyumba ya mawe ilileta nini baadaye katika nchi hii aanzie hapa: watu waliokuwa wakitafuta usalama hawakuutafuta kwenye jiwe.

Kimweri alifariki mwaka 1862. Baada yake ufalme ulipasuka. Semboja, mwanawe, hakuitaka Vuga ya juu mlimani. Alikaa Mazinde, chini kwenye tambarare ambayo sasa ni Wilaya ya Korogwe, kwa sababu misafara ilipita chini. Alivaa nguo za pwani, akafuata desturi za pwani, akanunua bunduki na baruti za pwani. Bei ya baruti ililipwa kwa pembe na kwa watu. Kwa zaidi ya miaka 20 Wakilindi walipigana wao kwa wao, Wabondei wakaasi, Wazigua wenye bunduki wakaingia vitani upande huu na ule, na aliyekamatwa aliteremshwa Pangani. Sipendi masimulizi yanayoifanya biashara ile kuwa kazi ya Waarabu peke yao. Katika milima ya Korogwe mtu aliweza kuuzwa na jirani wa mjomba wake.

Ndipo wakaja Wajerumani, na pamoja nao nzige, sotoka na njaa. Njaa ya kati ya miaka ya 1890 iliipiga vibaya Uzigua. Watoto ndio waliokuwa wa kwanza kuwekwa rehani kwa chakula, na rehani isiyokombolewa iligeuka utumwa. Katika hali hiyo, mwaka 1896, Wajerumani wa chama kimoja cha Kiprotestanti kilichopinga utumwa walianzisha makao ya watoto waliookolewa utumwani kwenye kilele cha Lutindi, juu ya bonde la Korogwe.

Lutindi iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu hufunika bonde lote, na Korogwe haionekani mpaka jua lipande. Waliopewa kazi ya kujenga na kulea walikuwa mashemasi waliofunzwa Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, kituo kilichoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa na kuongozwa tangu 1872 na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Bethel ilikuwa na imani yake kuhusu mgonjwa na maskini: usimpe sadaka akae, mpe kazi anayoiweza. Imani hiyo ilisafiri hadi Usambara ndani ya masanduku ya mashemasi pamoja na misumeno, patasi na timazi.

Kujenga kwenye mteremko kama ule si kazi ya fito. Kwanza unachimba ngazi kwenye mlima, udongo mwekundu ukimwagwa upande wa chini. Kisha mawe. Jiwe kubwa hupasuliwa kwa moto na maji: unalichoma kwa kuni siku nzima, unalimwagia maji ya baridi, linapiga kelele na kugawanyika. Vipande vinapangwa, kubwa chini, dogo juu, vikokoto vikijaza mapengo, udongo uliokandwa ukishika. Ukuta unakuwa mnene kiasi kwamba mtu mzima anaweza kukaa kwenye kizingiti cha dirisha na miguu isining'inie nje. Ndani yake mchana huwa baridi. Usiku, kama kuna meko, joto la jioni hubaki ukutani mpaka alfajiri. Wageni wa leo wanausifu ubaridi huo, na wana haki. Lakini mawe hayakupanda yenyewe. Yalibebwa kichwani na mabegani, na chokaa na bati vilitoka pwani vivyo hivyo, kwa sababu mwaka 1896 treni kutoka Tanga ilikuwa imefika Muheza tu.

Kuna kinaya katika kuanzishwa kwa Lutindi ambacho vitabu vya kanisa havikitilii mkazo. Makao ya watoto waliotoka utumwani yalijengwa katika koloni ambamo utumwa ulikuwa halali. Wajerumani walipiga marufuku misafara na minada, lakini hawakuufuta utumwa wenyewe. Walichofanya ni kutangaza kwamba mtoto atakayezaliwa na mtumwa baada ya mwaka 1905 atakuwa huru. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo mtoto aliyefikishwa Lutindi alikuwa huru kileleni, na mama yake, kama alikuwa hai Pangani, angeweza kuwa bado mali ya mtu.

Misafara ilipokatika, watoto wa kuokolewa walipungua. Mwaka 1904 nyumba zilipata wakazi wapya: wagonjwa wa akili. Kabla ya hapo aliyechanganyikiwa katika koloni hili alikuwa na mahali pawili, kamba ya ndugu zake au jela ya serikali. Lutindi ikawa miongoni mwa hospitali za mwanzo kabisa za akili katika Afrika Mashariki, miaka zaidi ya 20 kabla ya Mirembe ya Dodoma kufunguliwa. Dawa tunazozijua leo hazikuwepo. Kulikuwa na ukuta, chakula, wimbo wa asubuhi na jembe. Mgonjwa alilima, alisuka, alichana mbao, kwa ile imani ya Bethel. Unaweza kuibishia imani hiyo, maana mpaka kati ya kazi inayoponya na kazi inayoendesha kituo ni mwembamba. Hata hivyo, kwa mwaka 1904, ikilinganishwa na pingu, ilikuwa rehema.

Wakati Lutindi inapokea wagonjwa, milima mingine jirani ilianza kupokea watu wazima wa afya. Hii ndiyo historia ya mapumziko yenyewe, na iliendeshwa na reli. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893. Kampuni ikaishiwa fedha, serikali ikaichukua. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo 1905, kilometa 129 kutoka Tanga. Afisa aliyeogopa homa ya Dar es Salaam aliweza sasa kwenda Tanga kwa meli, kupanda treni asubuhi, na jioni akashukia Mombo chini ya ukuta wa milima. Safari iliyobaki ilikuwa ya kupanda kwenda Wilhelmstal, mji tunaouita Lushoto, mita kama 1,400 juu, uliopewa jina la Kaisari wa Ujerumani. Magavana walikwenda huko kukwepa joto. Walowezi walijenga nyumba za mawe zenye madirisha madogo na mabomba ya moshi, wakapanda kabichi na waridi, wakajisahaulisha walipo.

Nyuma ya desturi hiyo kulikuwa na hofu ya malaria. Hadi Ronald Ross alipothibitisha mwaka 1897 kwamba ugonjwa unapitia kwa mbu, wengi waliamini unatoka katika hewa mbaya ya mabonde, na hata baada ya Ross mlima ulibaki dawa, kwa kuwa mbu hapendi baridi. Robert Koch naye, aliyekuwa Afrika Mashariki mwaka 1897 na 1898, alifanya uchunguzi Usambara. Nyumba ya mawe mlimani, kwa Mzungu wa wakati ule, ilikuwa kama kidonge.

Na alifikaje? Wengi walibebwa. Machela ni kitambaa kizito kinachoning'inia kwenye mti mrefu, mtu akilala ndani, wabebaji wawili mbele na wawili nyuma, na wengine wakikimbia pembeni kupokezana. Kwenye mteremko wa Usambara mbebaji wa mbele hupanda mikono ikivutwa chini na wa nyuma husukumwa na uzito wote, kwa hiyo hubadilishana nafasi kwenye kila kona. Wimbo ndio unaopanga hatua. Aliyelala ndani aliusikia kama burudani.

Kuhusu vibarua waliotengeneza bustani na barabara zile, wilaya ya Wilhelmstal ilibuni utaratibu wa kadi. Kila mwanamume mwenye nguvu alipewa kadi iliyomtaka amfanyie Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyejaza kadi aliweza kukamatwa na kupelekwa kazi za umma. Hivi ndivyo mapumziko ya mlimani yalivyohesabiwa: likizo ya mmoja iliandikwa kwenye kadi ya mwenzake.

Handeni haikupata wapumzikaji. Hakukuwa na reli, maji yalikuwa haba, na mbung'o walikuwa wengi zaidi kila mwaka, maana vichaka vilivyokuwa boma la Wazigua viliachwa vimee bila watu wa kuvifyeka. Serikali iliweka kituo chake pale chini ya Pangani, akida akikusanya kodi. Ilichokuja kupata Handeni ni vita.

Mwaka 1914 yalipoanza mapigano kati ya Wajerumani na Waingereza, Wajerumani walikuwa na reli mbili zisizokutana, ya Tanga na ya Dar es Salaam. Wakaunganisha kwa kadiri walivyoweza. Reli nyembamba za vitoroli ziling'olewa kwenye mashamba ya mkonge zikalazwa kutoka Mombo kuelekea Handeni, na vitoroli vikasukumwa kwa mikono. Hebu fikiria: reli isiyo na treni, inayokwenda kwa misuli ya watu, kupita nchi kavu yenye njaa. Juni 1916 jeshi la Jan Smuts lilishuka na bonde la Pangani, likachukua Mombo, Korogwe na Handeni katika muda mfupi, na tarehe 24 mwezi huo huo likapigana kwenye mto Lukigura, kusini zaidi. Francis Brett Young, daktari wa jeshi aliyetembea na safu hiyo, aliandika kitabu kuhusu maandamano hayo kilichochapwa 1917. Farasi walikufa kwa mbung'o, askari kwa homa na kuhara. Wapagazi walikufa zaidi ya wote, makumi ya maelfu katika vita vyote vya Afrika Mashariki, na hakuna nyumba ya mawe iliyojengwa mlimani kwa ajili ya kuwauguza.

Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa mwaka 1920, wakaruhusiwa kurudi kuanzia 1925, wakaondolewa tena ilipokuja vita ya pili. Lutindi ilipita katika mikono hiyo yote bila kufungwa moja kwa moja, jambo ambalo naliona la ajabu kuliko usanifu wake. Sasa iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki.

Waingereza walipoingia walikuta mkonge umeshaota. Mmea huo uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf: miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka miche 62 Korogwe yote iligeuka kijani cha kijivu: Ngombezi, Magunga, Mnyuzi, Hale, Mazinde. Kila shamba lilikuwa na kilima chake, na juu ya kilima nyumba ya meneja, yenye baraza pana, kuta nene na mwembe mbele. Chini kwenye joto kulikuwa na kambi za manamba, vibarua wa mkataba. Waha kutoka Kigoma, Wamakonde kutoka kusini, watu kutoka Rwanda na Burundi, waliandikishwa huko kwao na kuletwa, na tangu 1944 uandikishaji uliendeshwa na chombo cha wenye mashamba kilichoitwa SILABU. Manamba alipewa kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30. Siku isiyokamilika haikuhesabiwa. Zile siku 30 za kadi ya Wajerumani na hizi 30 za kipande si bahati mbaya tu, nadhani. Mwezi wa kazi ulikuwa ndio kipimo ambacho mkoloni alimjua nacho mtu wa Korogwe.

Meneja naye akichoka alipanda. Usambara ilibaki mahali pa likizo: shule ya watoto wa Kizungu Lushoto, nyumba za wageni, uvuvi wa samaki wa vijito, mashamba ya chai. Chai ilijaribiwa kwanza katika kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na ikaja kulimwa kibiashara baada ya vita ya kwanza, ikiwemo upande wa Korogwe kama Ambangulu na Dindira. Kwenye nchi kavu kulikuwa na nyumba nyingine ya kulala, ya bei nafuu zaidi: banda la bwana shauri. Kila baada ya mwendo wa siku moja, katika Handeni kama kwingineko Tanganyika, serikali iliweka banda ambamo afisa wa wilaya angelala akiwa safarini kukagua kodi, kesi na mashamba ya muhogo. Jumbe alitakiwa kulifagia, kuleta maji na kuni, na kuku. Banda hilo lilikuwa la udongo na nyasi, mara chache la mawe. Wazee wanaolikumbuka hukumbuka zaidi kuku.

Azimio la Arusha la 1967 liliwashusha mameneja kilimani. Serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, wakati bei ya nyuzi ilikuwa imeshaanza kuanguka kwa sababu ya kamba za plastiki. Nyumba za vilima zikawa ofisi, zikawa maghala, zikawa makazi ya familia tatu tatu, nyingine zikaanza kung'olewa bati. Ukizunguka Korogwe leo utaziona: ngazi za mawe zinazopanda kwenda mahali ambapo hakuna mlango. Watu wa karibu wamechukua mawe kujengea misingi yao, na sioni kosa. Babu zao ndio walioyabeba.

Kuna mapito mengine ya Handeni ambayo lazima yaingie hapa, kwa sababu yanahusu nani anarudi na nani anapokewa. Katika njaa ya miaka ya 1830, Wazigua wengi walikwenda pwani kutafuta chakula wakapakiwa majahazini na kuuzwa Somalia. Wengine walitoroka wakaanzisha vijiji vyao kwenye mto Juba, na wajukuu wao waliendelea kuzungumza Kizigua kwa zaidi ya karne moja na nusu. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, vita viliwafukuza. Baadhi yao walikuja Tanga kwa majahazi, njia ileile kinyumenyume, wakawekwa Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, makazi mapya katika wilaya hiyo hiyo. Walipewa viwanja wakajijengea. Wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Wenyeji wa Handeni waliwasikia wakiongea wakagundua wanaelewana. Kati ya makao yote yanayotajwa katika makala haya, Chogo ndiyo isiyokuwa na mgeni: wote waliofika walikuwa wakirudi.

Siku hizi kwenda Handeni kutoka Korogwe ni kilometa 65 za lami, na mtu wa Tanga anaweza kunywa chai ya asubuhi kwake na chai ya mchana Mombo. Kwa sababu hiyo biashara ya mapumziko ya mlimani imepata wateja wapya, na kwa mara ya kwanza wengi wao ni Watanzania. Familia zinakwenda Amani, ambako nyumba za wanasayansi wa Kijerumani hupokea wageni ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyotangazwa mwaka 1997, hekta 8,380 zinazogusa Muheza na Korogwe. Wapenda ndege hupanda Ambangulu. Wanafunzi wa udaktari, vikundi vya kwaya na wazee waliostaafu hupanda Lutindi, kwa sababu hospitali ina nyumba ya wageni.

Anayelala Lutindi hupata yale ambayo magavana walikuwa wakiyafuata. Usiku blanketi mbili hazitoshi. Asubuhi ndoo ya maji ya moto huachwa mlangoni, na chai inayonywewa ni ya mlima uleule. Kutoka ukingoni unaona bonde lote, mashamba ya mkonge yakiwa yamepangwa kama kitambaa cha darizi, reli ikipita katikati, na mbele zaidi, siku isiyo na ukungu, tambarare za Handeni zikipotea kwenye joto lake. Unaweza kusoma historia nzima bila kuinuka kitini: hapa waliketi, pale walibeba.

Lakini Lutindi ina jambo moja linaloitenga na nyumba nyingine zote za mawe za milima hii. Wilhelmstal ilijengwa kwa ajili ya watu waliokuwa na mahali pengine pazuri pa kukaa. Nyumba za mameneja vivyo hivyo. Lutindi ilijengwa kwa ajili ya watoto wasio na pa kwenda, kisha kwa ajili ya wagonjwa ambao hakuna aliyewataka, na hao wa pili hawajaondoka. Wanalima, wanachuma chai, wanaimba kanisani. Mgeni wa likizo analala ubavuni mwao, na pesa ya chumba chake inasaidia kuendesha hospitali. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mapumziko ya mlimani ambayo hayakuhitaji kadi ya siku 30 ya mtu mwingine, au yaliyoihitaji kidogo kuliko mengine, maana hata ukuta wa rehema ulibebwa na mtu aliyelipwa senti chache.

Halmashauri za Korogwe na Handeni zinatafuta watalii, na zinafanya vizuri. Nyumba za mawe zinakarabatiwa hapa na pale. Hakuna gharama kubwa katika kuandika ubao mmoja mlangoni unaosema nani alijenga, kwa kazi ya nani, na nani aliyelala humo. Wazee wanaokumbuka habari za kipande cha mkonge bado wapo Ngombezi na Magunga, ila hawatangoja.

Ukipanda Lutindi, weka nafasi mapema, beba sweta, na ulipie chumba bila kuomba punguzo. Utakutana na wagonjwa njiani, na wengi watakusalimu kwanza. Itikia, piga nao soga ukipenda, na simu iache mfukoni: hawakuja kilimani kupigwa picha na wewe. Wagonjwa wametibiwa hapo tangu 1904.